Siku Tulipomsindikiza Dada Lin

Harufu ya siki nyeusi ya Kichina hunirudisha kila mara ndani ya gari letu la zamani, siku familia nzima ilipompeleka mpangaji wa ghorofani kwenye usaili wa kazi katika majimbo mawili, bila yeye kutuomba. Chupa yake ya siki ilipinduka chini ya kiti kabla hatujafika Columbus, na harufu haikutoka mpaka gari lilipouzwa. Mama alisema gari limebatizwa.

Tuliishi Buffalo, upande wa Kensington-Bailey, sisi chini na Dada Lin juu. Wazazi wangu ni Warundi waliokulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma. Baba alifanya kazi kwenye ghala la bidhaa, mama aliwahudumia wazee majumbani. Dada Lin alikuwa ametoka China kusomea uhandisi, na alikuwa mtoto pekee kwa wazazi wake, jambo ambalo mama hakulizoea hata kidogo. Siku moja alimuuliza, nami nikatafsiri, "Sasa utotoni uligombana na nani?" Dada Lin akafikiri sana, akajibu kwamba aligombana na piano.

Urafiki ulianzia kwenye mchicha. Mama aliupanda nyuma ya nyumba, na asubuhi moja ya kiangazi alimkuta Dada Lin amechuchumaa kando ya tuta, akiyatazama majani kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Kumbe kwao wanaula pia, kwa kitunguu saumu. Tangu hapo sahani zilipanda na kushuka ngazi, na mbebaji nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa niliyependa kusikiliza kuliko kula.

Alipokaribia kuhitimu, nilisikia mengi. Simu yake haikutulia, maana wanafunzi wenzake wote walikuwa wakiulizana swali lilelile: utaishi wapi? Mimi nilidhani mtu akimaliza chuo huchagua mji kama anavyochagua viatu, unaompendeza na kumtosha. Wao walipima mengine kabisa. Kampuni gani itakubali kukuombea viza? Wenzako waliotangulia wako wapi? Mzazi akiugua, utafika nyumbani kwa ndege ngapi? Mama yake alimpigia kila asubuhi kumwambia arudi. Baba yake alitaka abaki, lakini katika mji ambao majirani zake wamewahi kuusikia. Na Dada Lin alikuwa na usaili Columbus, mwingine Louisville, jimbo la Kentucky, na maombi kwenye kiwanda kimoja cha Tonawanda, jirani yetu kabisa, ambacho kilikuwa kimenyamaza. Niliombea kiwanda kile kama watu wanavyoombea wagonjwa.

Siku ya safari alishuka na begi kutuaga, akisema anakwenda kupanda basi. Sasa, kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Kule kambini baba alimsindikiza mgeni mpaka mahali ambapo nyumba yetu haionekani tena, hata kama mvua inanyesha. Wiki ile alikuwa likizo, akasema atampeleka. Dada Lin akakataa. Kwetu kukataa mara ya kwanza ni adabu, kwa hiyo baba akarudia. Akakataa tena, akitabasamu. Jambo ambalo baba hakulijua ni kwamba kwao pia mtu hukataa kwa adabu, hivyo kati yao halikubaki neno hata moja la kumaanisha hapana ya kweli. Kabla hawajamaliza kubembelezana, mama alikuwa amepakia sufuria ya maharage, na mimi na kaka yangu Eliya tulikuwa tukigombea dirisha. Dada Lin alikaa katikati yetu, magoti yamebanwa, akiwa na sura ya mtu aliyetekwa na watu wema.

Columbus tulifikia kwa shangazi. Baada ya usaili, marafiki wa Dada Lin waliosoma naye walikuja kumchukua, wakamtembeza hadi jioni. Aliporudi aliniambia wanaishi pazuri, lifti haina kelele, na duka la Wachina ni kubwa kama uwanja wa mpira. Nikamuuliza kama wanawajua majirani zao.

"Wanamjua mbwa wa jirani," akasema.

Louisville kulikuwa na joto zuri, na kulikuwa na mjomba, mdogo wake mama, ambaye alimpokea baba kama mtu aliyekuwa akimngoja kwa muda mrefu. Dada Lin alipokuwa kwenye usaili, mjomba alituonyesha nyumba tupu iliyopakana na yake. Nilimtazama baba. Alibisha ukuta kwa vidole. Aliulizia shule. Kisha akaingia jikoni, akafungua bomba, akayatazama maji. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba mtu aliyekuja kusindikiza hafungui mabomba.

Dada Lin alirudi mchana. Kazi ilikuwa yake akiitaka, na viza wangemuombea. Walitaka jibu ndani ya wiki. Mjomba akampigia makofi. Dada Lin hakukaa. Aliniomba nimuulize baba kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili asikosee kumwelewa.

"Baba Divine, na nyinyi mnahamia hapa?"

Divine ni mimi. Nilitafsiri polepole, kwa sababu jibu nililihitaji mimi pia. Baba alimtazama mama. Mama alikuwa akitazama sufuria yake.

"Mwambie sisi tunasindikiza tu," baba akasema.

Dada Lin akatikisa kichwa. "Basi mwambie, anayesindikiza lazima arudi kwake."

Tulirudi Buffalo, siki ikinuka na Eliya akikoroma. Wiki haikuisha, kiwanda cha Tonawanda kikapiga simu. Nilizisikia hatua za Dada Lin kwenye ngazi, akishuka bila viatu, na nilijua kabla hajasema kitu kwamba si hatua za mtu anayeondoka. Mama alijiachia kwenye kiti cha jikoni na fungu la mchicha mapajani, akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Louisville. Baba alitoka nje kukagua gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nilikula sahani mbili, yangu na niliyopaswa kuipeleka juu.

Nilikuja kuielewa safari ile baada ya miaka mingi, nilipowauliza wahusika mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Mjomba alikuwa amembembeleza baba tangu majira ya baridi, na baba alikuwa amekubali nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya Dada Lin: alijua mama asingehamia mji usio na mtu wa kula naye mchicha. Naye Dada Lin alikuwa amesikia habari za bomba kutoka kwa Eliya, akawa tayari kuichukua kazi ya Louisville, akidhani tunahamia. Baba alikuwa akimngoja yeye, yeye akimngoja baba. Lau baba angesema ndiyo, leo ningekuwa mtu wa Kentucky. Viza, mishahara, viwanja vya ndege, yote waliyapima kwa haki, lakini mzani ulilalia upande wa watu watakaofungua mlango.

Siku hizi Dada Lin anaishi Amherst, hapa jirani na Buffalo, na mchicha wa mama bado unamfikia. Mwezi uliopita mama yake kule China alianguka akavunjika nyonga. Upasuaji umekwenda vizuri, tunashukuru, na mgonjwa ameanza kulalamikia chakula cha hospitali. Dada Lin alituambia tusisumbuke kumpeleka uwanja wa ndege. Baba akauliza tena.

Ameniachia ufunguo nimwagilie maua yake. Jikoni kwake mna chupa ya siki, imebaki nusu. Sisi tuliomsindikiza tumerudi kwetu. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu.