Kuuambia Mtungi

Ungemkuta Paskazia jikoni asubuhi, ungedhani anamjulia hali mgonjwa. Anafungua friji ya nyuma, anainama, anauliza, "Umelalaje?" Humo hamna mtu. Kuna mtungi wa kioo wenye uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Mrija mwembamba unatoka kwenye kifuniko na kuzama katika glasi ya maji, na kila baada ya muda maji yanasema blup. Mimi Rispah ni Msabato wa Nyamira, bia sijawahi kuionja, kazi yangu ilikuwa kubeba trei tu. Nilimwambia wazi kwamba amerukwa na akili.

Uji ule ulikuwa chachu ya Mzee Konrad, meneja wetu katika baa ya Kijerumani ya hoteli moja pale Al Mankhool, Dubai. Ukoo wake ulipika bia katika kijiji cha milimani tangu enzi za babu wa babu yake. Bia nyeusi, yenye harufu ya ganda la mkate, iliyolazwa miezi kadhaa katika pango walilochimba wenyewe kwenye mwamba. Hawakuiuza mbali. Walikuwa na mwiko kwamba bia isivuke pale mlio wa kengele ya kanisa lao unapoishia. Vita vikaja vikapita, mapipa yakaungua, chachu ikabaki, baba akimwachia mwana. Halafu kampuni kubwa ikakinunua kiwanda, ikachukua jina na kulifunga pango. Mzee akaja Dubai na mtungi wake, mbali kabisa na kengele.

Mwaka 2014 binti yake, Ulrike, alifanikiwa kulinunua tena lile pango. Akaahidi kuja kuchukua chachu baada ya Pasaka. Mzee hakuwa na haja nyingine duniani ila mtungi ule ufike kwao ukiwa hai.

Akaugua kifua. Alipolazwa hospitali alimwachia Paskazia kazi ya kuulisha mtungi maji ya kimea, kwa sababu ni yeye tu ambaye hakuwahi kuucheka. Nyanya yake kule Kabale alikuwa mpika pombe ya mtama, na Paskazia alilelewa kando ya mitungi. Mtu mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mteja.

Alasiri moja tulikuwa jikoni tunapanga trei. Nikahisi kuna kitu kimepungua, nisijue ni nini, mpaka nilipogundua kwamba maji yamenyamaza. Paskazia alienda akaweka sikio kwenye kioo. Kisha akavua aproni.

"Sir Konrad amekufa."

"Wewe Paskazia, wacha uchawi hapa!"

Simu ya ofisini ikalia. Alfred wa kaunta akapokea, akasikiliza, akakaa chini. Ilikuwa hospitali.

"Kwa nyanya," Paskazia akasema, "mwenye mtungi akifa, mtungi unaambiwa. Halafu unatajiwa mwenyewe mpya. La sivyo unamfuata."

Akainama. "Konrad ameenda. Sasa wewe ni wa Ulrike."

Kimya.

"Basi wa Paskazia."

Kimya. Akageuka, akanitazama.

"Samahani, dada," akasema. "Wa Rispah."

Blup.

Nilimtukana matusi ambayo mama hajui kama ninayajua. Niliogopa, nasema kweli. Mtungi ukaendelea kupumua taratibu, na hakuna aliyethubutu tena kuucheka.

Ulrike alikuja baada ya Pasaka, akaukumbatia mtungi akilia. Alipouinua, maji yakanyamaza tena. Paskazia akanigusa kiwiko. "Sema. Ni wako." Basi mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nikasimama jikoni nikiongea na chachu: "Nenda na huyu dada. Khalas, basi, nimempa." Ukapumua. Ulrike akacheka na machozi yake, hajui kilichomsaidia.

Mkataba wa Paskazia ulipoisha alirudi Kabale, anapika pombe ya nyanya yake. Ulrike alikuwa akitutumia picha za mapipa yaliyojaa, mnara wa kengele nyuma yake. Nilifurahi, nikasahau.

Mwaka 2018 nilipasuliwa tumbo ghafla, hapahapa Dubai, wala sikumwambia mtu. Nilipozinduka, nesi alisema moyo wangu ulisimama kidogo mezani, wakaurudisha. Nikafungua simu. Kulikuwa na ujumbe wa Ulrike: "Rispah, leo mchana mapipa yote yalinyamaza kwa pamoja, kisha yakaanza tena. Nimekosea wapi?"

Nikampelekea Paskazia ujumbe ule pamoja na habari ya moyo wangu. Nikaongeza: "Si nilimpa?"

Jibu lilikuja mara moja.

"Ulimpa mtungi, dada. Jina lako hukulitoa. Kula, upone, watu wa kule wana kiu."