Kurasa Alizokunja Fundi Miwani

Nilikataa posa kwa sababu ya ukurasa uliokunjwa pembe.

Cheka tu, ruksa. Hata mimi nimejicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakaa chini nikalia.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona magauni ya harusi za watu, jioni nasoma riwaya za mapenzi. Mume wangu aliponiacha kwa simu ya dakika mbili, ni hizo riwaya zilizonishika mkono. Msinidharaulie.

Nina kikundi changu cha wasomaji kwenye simu. Tunapendekezeana vitabu, tunaazimana, tunagombana kuhusu wanaume ambao hawajawahi kuzaliwa. Mwenyekiti wetu ni muuguzi, mkali balaa, na ana sheria moja: mwisho wa riwaya hautajwi kikundini. Ukimaliza kitabu, unakirudisha kwa aliyekuazima, unamsimulia mwisho yeye peke yake, ana kwa ana.

Sheria hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Siku moja nilikwenda kupima macho, maana herufi zilikuwa zimeanza kunichezea. Fundi miwani, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, akaiona riwaya kwapani mwangu.

"Hiyo inaishaje?" akauliza.

"Hatusemi ovyo," nikamjibu. "Mpaka uwe mwenzetu."

Nikamwingiza kikundini siku ileile. Mwenyekiti akaniandikia pembeni: "Huyo umetuletea msomaji au umejiletea mume? Nimeshakupelelezea, hana mke."

Nikamrushia vicheko. Ila moyo ulishaanza ujinga wake.

Haukupita muda, akapendekeza kitabu mbele ya kikundi kizima: "Hiki naona kinamfaa Fundi Cherehani." Nikapitia dukani kwake kukichukua.

Katikati ya kile kitabu, ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe. Nikausoma. Mwanamume anamwambia mwanamke aliyeachika, "Sina haraka. Nitakaa hapahapa mpaka uniamini."

Jamani. Si mimi huyo aliyeachika?

Niliusoma na kuurudia mpaka pasi ikaunguza gauni la mteja.

Kitabu cha pili, pembe nyingine. Hapo mwanamume anakiri kwamba akikosa kuisikia sauti ya yule mwanamke, hata chakula hakipiti. Cha tatu, pembe tena. Sisi wasomaji wa riwaya tuna ugonjwa wetu, hatuamini kwamba kitu kinaweza kuwepo tu. Kwenye riwaya mtu hakohoi bure. Kwa hiyo kurasa zikikunjwa, mimi najua kuna mtu anasema nami.

Na nikawa namjibu. Nilikuwa nikirudisha kitabu, nakaa kwenye kiti cha wateja, namsimulia mwisho wake. Anaweka chini bisibisi yake ndogo, anazima redio, anainamisha kichwa. Hakuna mwanamume aliyewahi kunisikiliza namna ile.

"Kwa hiyo walioana?" anauliza.

"Walioana."

Anatabasamu, anachukua kitambaa, anafuta miwani ambayo tayari ni safi.

Nilikufa nikaoza, sifichi.

Ndipo Shangazi akaja na habari zake. Mwalimu wa udereva, mtu mtaratibu, kamtuma aniulize kama naweza kuolewa naye. Kanipenda tangu nilipompunguzia suruali.

"Anasoma?" nikauliza.

"Anasoma alama za barabarani."

"Shangazi, kuna mtu."

"Kakutamkia?"

"Kwa njia yake."

"Njia yake ndiyo ipi? Hana mdomo?"

Nikasema tu kwamba jibu ni hapana. Ningemwelezaje Shangazi habari za pembe za kurasa? Alibeba mkoba wake akaenda kupeleka jibu, na mwalimu wa udereva hakusumbua tena. Nasikia kaoa, na mkewe ananenepa kwa raha.

Kisha nikapewa riwaya nyingine. Safari hii pembe ilikunjwa mbali kabisa, karibu na kumalizia. Mwanamume amesimama mlangoni, jasho linamtoka, anasema, "Nimechoka kuzunguka. Nimekuja kukuomba uwe wangu."

Sikuendelea. Ningeendelea kwa macho gani? Nilifunga cherehani, nikavaa gauni nililojishonea mwenyewe, nikaenda.

Dukani hapakuwa na mteja. Nikafungua kitabu mbele yake, nikaweka kidole kwenye ile pembe.

"Nimeuona," nikasema. "Na jibu langu ni ndiyo."

"Ndiyo ya nini, dada?"

Hilo neno dada lilinipita kifuani kama mkasi kwenye satini.

Nikamweleza. Kurasa zote, moja baada ya nyingine, na jinsi nilivyozisoma. Kila nilivyoendelea sauti ilizidi kupungua. Alikaa chini polepole, akanitazama kwa huruma, nikatamani ardhi inimeze.

"Samahani sana, dada yangu," akasema. "Hizo pembe sikukunja mimi. Alikunja marehemu mke wangu."

Nikakifunga kile kitabu.

"Alikuwa anasoma vingi kwa pamoja," akaendelea. "Kidogo huku, kidogo kule. Ugonjwa ulipomzidi alikunja kila alipofika, akasema atamalizia akipata nafuu. Hakupata. Mimi nikijaribu kuzisoma, nikifika pale alipokunja siwezi kufungua ukurasa unaofuata. Naona kama namwacha. Siku ile ulipoingia na riwaya kwapani, nikajiambia huyu atanisimulia. Nami ukishaondoka naenda kaburini, namsimulia yeye."

Kumbe muda wote ule nilikuwa nampelekea salamu za mapenzi mwanamke mwenzangu aliyelala kaburini. Hata kumwonea wivu nilishindwa. Ningeanzia wapi?

"Sikujua kama unaumia," akasema. "Ningejua nisingekuazima hata kimoja."

"Ulisema kinanifaa."

"Unasimulia vizuri. Sina mwingine anayesimulia hivyo."

Akaitazama ile riwaya. Alisita, akapangusa mdomo, kisha akauliza kwa woga, "Hicho ndicho cha mwisho kati ya vile alivyoviacha. Kinaishaje?"

"Sijui. Nimeishia alipoishia yeye."

Nikakiweka kitabu mezani.

Ningeweza kuondoka. Gauni lilikuwa linanibana, kamasi zilikuwa zinanitoka, na heshima yangu yote ilikuwa imemwagika juu ya meza yake ya kioo. Lakini niliuona mkono wake umekigusa kile kitabu na kurudi nyuma.

Nikavaa miwani aliyonitengenezea. Nikaufungua ule ukurasa, nikaupita, nikamsomea kwa sauti.

Zilikuwa kurasa chache tu. Mwanamke alikubali. Wakahamia kwenye nyumba yenye dirisha bovu, wakalitengeneza. Fundi miwani alilia akimlilia mkewe. Mimi nililia nikimlilia yeye, na sikuruka hata mstari mmoja.

Nilipomaliza alisema ahsante mara nyingi, akanisindikiza mpaka mlangoni. Kesho yake akajitoa kikundini.

Nyie mnaopenda riwaya kama mimi, someni, pendekezeaneni, sikatazi. Ila mtu aliye hai mwulizeni, hata midomo ikitetemeka. Mimi nilikuwa na nafasi kila nilipokaa kwenye kile kiti, nikaona kukisia ni kutamu zaidi.

Hakunikosea chochote, ndiyo maana sina hata wa kumlaumu. Bado nampenda. Nikifika karibu na duka lake, navuka barabara.