Nusu Saa Hadi Mutsamudu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni. Leo nimenusa wali wa nazi uliofungwa kwenye kitambaa, nikakaa kuandika.

Nilikuwa mtoto Moroni, uhuru ukiwa bado mchanga. Asubuhi ikaja habari kwamba koko, yaani bibi mzaa mama, yu taabani Mutsamudu, kisiwa cha pili. Ndege ya asubuhi ilikuwa haijaondoka, lakini mama alikataa kuvuka bahari bila chakula cha njiani. Yeye alijua mashua tu, na mashua ni usiku kucha. Akakuna nazi, akapika wali, akaifunga sufuria kwenye kitambaa. Tukapanda ndege ya mchana.

Kijana wa ndege akacheka. "Mama, sufuria yote hiyo, unakwenda Makka? Ni nusu saa tu!"

"Nusu saa? Bahari yote ile?"

Hakuamini mpaka tulipotua. Tulipofika kwa koko, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mikono ina udongo. Mama akafungua kitambaa, mvuke ukampanda usoni.

"Bado wa moto," akasema. Akarudia. Hakulia.

Basi nyumbani kwangu nimeshaamuru: mkiitwa kwa mgonjwa, zimeni jiko, nendeni.