Kitabu Ambacho Nkirote Hakukimaliza

Chumba cha vitabu cha shule yetu kilinuka ngano. Kabla ya kuwa maktaba kilikuwa stoo ya mbegu, na hata baada ya kuta kupakwa chokaa na rafu kupigiliwa misumari, ukifungua mlango ulipokewa na harufu kavu ya punje na magunia, pamoja na ile ya karatasi zilizoanza kushika unyevu. Shule yenyewe ilikuwa juu ya Timau, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani asubuhi na kukaa hadi adhuhuri. Tulikwenda shuleni mikono tumeificha ndani ya sweta. Maktaba ndiyo pekee iliyokuwa na sakafu ya mbao, kwa hiyo ndimo miguu yetu ilimopata nafuu. Nadhani wengi wetu tulianza kusoma kwa sababu ya baridi. Mwalimu Gatwiri, mwanamke mfupi wa sauti ya chini aliyetufundisha Kiswahili, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Hakumchagulia mtu kitabu. Uliingia, ukatafuta, ukajikuta umesimama mbele ya rafu na kitabu mkononi hata kengele imelia na hukuisikia.

Nilikuwa darasa la sita, na Nkirote ndiye niliyekaa naye dawati moja. Alinizidi umri kidogo. Mama yake alipofariki alipoteza mwaka mzima wa masomo, kisha akaletwa kwa nyanya yake, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza bila sauti. Muhula ule wa pili niliokota kwenye rafu ya chini kitabu chembamba, jalada limechanika, kuhusu msichana wa rika letu aliyesikia jamaa zake wakipanga kumtahiri wakati wa likizo, akatoroka. Kwetu jambo hilo lilijulikana na halikutajwa. Serikali ilikuwa imelikataza na kanisa letu pia, kwa hiyo waliolifanya walilifanya kimya, na wasiolifanya, kama wazazi wangu, walinyamaza vilevile. Mimi nilikimaliza kitabu kwa siku mbili. Nkirote alikisoma kurasa chache kila siku baada ya chakula cha mchana, na nilipotaka kumsimulia mwisho wake alinikatiza.

"Niache nifike mwenyewe," alisema.

Siku moja, akifuta ubao na kunipa mgongo, aliniuliza kama watu wanaoandikwa vitabuni huwa wapo kweli. Nikamjibu kwamba hawapo, ni hadithi tu. Aliendelea kufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuona chochote katika swali lile.

Kwa kuwa nyanya yake hakupenda kumwona na kitabu nyumbani, wikendi nilikichukua mimi. Jumapili moja nilikisahau juu ya meza. Baba alikuwa karani katika shamba kubwa la ngano, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni kwetu. Mtu aliyenyoosha kalamu zake mezani kabla ya kuandika, na aliyenifundisha kusoma akiwa amenipakata. Nilipotoka jikoni nilimkuta amesimama dirishani, miwani puani, akifungua kurasa kwa ncha ya kidole. Hakupaza sauti. Aliniuliza nimekitoa wapi, nikamwambia. Aliniuliza kama nimekimaliza, nikakubali. Kisha akauliza ni nani mwingine amekisoma, nami nikataja jina la Nkirote. Nililitaja haraka, jinsi mtu anavyotua mzigo ambao hakuutaka.

Kamati iliitwa wiki hiyohiyo, ikaketi katika darasa letu. Nkirote na mimi tuliambiwa tusimame kando ya ubao, ili tuthibitishe kwamba kitabu kilipitia mikononi mwetu. Mzazi baada ya mzazi alisimama akasema binti yangu hivi, mtoto wangu vile. Kwamba kitabu kinawafundisha watoto kuwatoroka wakubwa, kwamba kinayaanika ya nyumbani. Nyanya yake Nkirote alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mikono juu ya kikapu. Alikuwa akimtazama mjukuu wake. Mwishowe Mwalimu Gatwiri akaomba ruhusa ya kusema.

"Mnaweza kukiondoa leo," alisema. "Lakini huenda kuna mtoto katika shule hii anayekisoma kwa sababu anakihitaji. Mimi simjui ni nani. Na nyinyi hamumjui."

Baba alimjibu kwa adabu kwamba kulea ni kazi ya wazazi. Mikono ikainuliwa. Kitabu kile na vingine kadhaa, ambavyo sidhani hata mmoja wao alikuwa amevifungua, vilitiwa kwenye katoni na kupelekwa ofisi ya mwalimu mkuu, na sikuviona tena. Mwalimu Gatwiri alinyang'anywa ufunguo siku ileile. Muhula uliofuata alihamishiwa shule nyingine, upande wa Ruiri.

Tulirudi nyumbani pamoja, Nkirote na mimi, nyanya yake akiwa hatua nyingi mbele. Tulipofika mtoni Nkirote alisimama.

"Kendi, yule msichana alikimbilia wapi?"

Baba alikuwa ameniambia nisikitaje kitabu kile tena. Nilimwangalia yule bibi kizee aliyekuwa amekwisha kuvuka na sasa anamngojea mjukuu wake, kisha nikamwambia Nkirote kwamba nimesahau.

Sikuwa nimesahau. Msichana alikwenda kwa mwalimu wake, akabisha, akaeleza, akaaminiwa. Ni maneno machache. Ningeyamaliza kabla hajakanyaga jiwe la kwanza la kuvukia.

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya Agosti, nilikaa peke yangu kwenye dawati kwa wiki tatu. Nkirote aliporudi alitembea kwa uangalifu na kuketi kwa uangalifu, na hakuna aliyemuuliza kitu, wala walimu. Kidole chake hakikufuata tena mstari wowote. Kabla ya mwaka kwisha aliacha shule, na baadaye tukasikia ameolewa. Nimekutana naye mara moja tu tangu hapo, sokoni Ruiri, sote tukiwa watu wazima. Alinisalimu kwa furaha, akaniuliza habari za mama. Nilipomwambia nataka kumwomba msamaha aliuliza, wa nini, na ndipo nikajua kwamba miaka yote ile hakuwahi kufahamu ni nani aliyemtaja. Nilishindwa kumweleza. Nikanunua viazi vyake, nikaondoka.

Mwaka jana nilimuuliza baba. Sasa ni mzee, anaota jua mbele ya nyumba kwa sehemu kubwa ya siku. Alikikumbuka kitabu. Alisema alikuwa akinilinda.

"Na Nkirote?"

Baba hakuwa mtu mkatili. "Nkirote hakuwa mtoto wangu," alisema.

Mwaka huu shule anayosoma binti yangu, hapa mjini Meru ninakofanya kazi ya ofisi, iliwaita wazazi kuhusu vitabu vya maktaba. Tulikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa ikiwa imetumwa kwenye simu zetu. Watu walikuwa wasomi kuliko wazazi wa Timau, na walizungumza kwa upole zaidi, lakini kila aliyesimama alianza na maneno "mtoto wangu". Nilisimama, nikawasimulia habari za Nkirote bila kutaja jina lake. Walinisikiliza. Mama mmoja alifuta machozi. Kisha wakaamua kwamba vitabu visitupwe. Vifungiwe ofisini, na mwanafunzi anayetaka kimoja alete fomu iliyotiwa sahihi na mzazi. Watu walipiga makofi, na jirani yangu akanishika mkono akaniambia nimeshinda.

Wiki iliyofuata binti yangu aliniletea fomu. Niliisoma yote, nikatia sahihi mahali palipoandikwa mzazi au mlezi, naye akaitia kwenye mkoba akaondoka akiimba. Nilibaki mezani na kalamu mkononi, nikimfikiria mtoto mwingine katika darasa lake, nisiyemjua, ambaye mlezi wake hataitia sahihi.