Option monad ilivyowafuta mbuzi wa mama yangu huku system ikisema kila kitu kiko sawa

Salaam aleikum wakuu, na kwa wale wa habari, habari zenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nacheka na ugomvi wenu wa framework, kisha naondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna kitu kimenipata na mpaka sasa mwili haujatulia. Sitatia chumvi. Kama kuna mtu alikuwa kwenye foleni ya Kulamawe siku hiyo na yuko humu, aje anisute nikiongeza hata kidogo.

Niiteni Talaso. Naishi Wabera, hapa Isiolo, na kazi yangu ni kuandika code. Tuko wawili: mimi na Mwenda, Mmeru mmoja mpole sana mpaka umguse kwenye mambo ya programming. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ya kutuma SMS kwa wafugaji: chanjo ya mbuzi inakuja kituo gani, siku gani. Sotoka ya mbuzi ilikuwa imeonekana upande wa Ngaremara, na watu walikuwa na wasiwasi.

Kama hujawahi kuiona sotoka, shukuru Mungu. Mbuzi anaanza kutoa makamasi, macho yanachuruzika, mdomo unajaa vidonda, kisha anaharisha mpaka anaishiwa nguvu. Sindano moja inamkinga. Lakini lazima sindano itangulie. Ugonjwa ukishatangulia, unabaki kumwangalia tu.

Mama yangu anaishi Kulamawe na anafuga mbuzi. Karo yangu yote ilitoka kwa hao mbuzi, na chai ya pale nyumbani ilikuwa ya maziwa yao. Kwa hiyo hii project haikuwa kazi ya kawaida kwangu. Nilikuwa nataka mbuzi wa mama wapate sindano, basi.

Sasa tuje kwa monad.

Mwenda alikuwa amekutana na library moja ya functional programming ya TypeScript, na akaipenda mpaka ikawa shida. Null, ile alama ya "hakuna kitu", alikuwa anaitukana kama jirani mwizi. Kila kitu lazima kiwe ndani ya Option. Nikimwambia tuandike if ya kawaida ananiangalia kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Mnaoogopa neno monad, msikimbie, nitaeleza haraka haraka.

Chukua sanduku. Ndani kuna kitu, au hakuna kitu. Likiwa na kitu tunaliita Some, likiwa tupu tunaliita None. Unalipitisha kwa hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila hatua inafungua, inafanya kazi yake, inafunga tena. Hatua moja ikitoa sanduku tupu, zile zinazofuata hazijisumbui hata kulifungua. Mwisho unapokea sanduku tupu na safari imeisha.

Hakuna error. Hakuna kelele. Program haianguki.

Ndio maana watu wanaipenda, na mimi pia, kusema ukweli, nilikuwa nimeanza kuipenda. Code yetu ilikuwa safi mpaka unaweza kumsomea mtu kwa sauti:

tafutaMfugaji(simu)
.flatMap(tafutaKituo)
.flatMap(somaIdadi)
.flatMap(andaaUjumbe)

Yaani, flatMap ukiisoma kama "kisha": tafuta mfugaji kwa namba ya simu, tafuta kituo kilicho karibu naye, soma ana mbuzi wangapi, muandalie ujumbe. Ile idadi ya mbuzi ilikuwa pia inajumlishwa ili daktari wa mifugo ajue abebe dozi ngapi kwa kila kituo.

Nzuri, sivyo? Hata nyinyi mngepitisha hiyo review.

Siku ya kutuma ujumbe wa Kulamawe ikafika. Tukabonyeza asubuhi. Dashboard yote kijani, errors sifuri. Mwenda akaagiza chai na mandazi, akanyoosha miguu, akaniambia, "Unaona Talaso? Ndio maana mimi hulala."

Nikampigia mama simu kumuuliza kama Kiborana cha ule ujumbe kimekaa vizuri, maana mimi ndiye niliyekiandika na yeye hupenda kunikosoa.

"Message gani?" akaniuliza.

"Ya chanjo, Mama. Kesho daktari anakuja huko."

"Kwangu hakuna kitu imeingia. Lakini Halima wa duka alisema amepata message. Nilidhani ni ya mambo ya duka."

Halima ana mbuzi wachache anaowafunga nyuma ya duka. Mama ana kundi zima, na kundi hilo siku hiyo lilikuwa mbali malishoni na kaka yangu Guyo.

Nikadhani ni network. Kulamawe network ina tabia zake, tunaizoea. Nikatuma tena kwa namba ya mama peke yake.

Dashboard kijani. Mama hajapata kitu.

Hapo nikafungua console, nikaweka namba ya mama, nikapitisha hatua moja moja kwa mkono.

tafutaMfugaji: Some. Mama yuko, jina lake liko sawa.

tafutaKituo: Some. Kulamawe.

somaIdadi: None.

Nikaangalia kilichoandikwa pale kwenye idadi ya mbuzi. Kulikuwa na neno moja: "wapo".

Wakuu, ile hatua ilitaka namba; ikikuta neno inatoa sanduku tupu.

Kwa wasiotoka huku, ngojeni niwaambie kitu. Mfugaji wa kwetu hataji idadi ya mifugo yake. Si kwamba hajui. Mama akisimama mlangoni mwa zizi jioni, akikosekana mbuzi mmoja anajua ni yupi, binti wa yupi. Lakini kutaja namba kwa mdomo ni kualika balaa. Ukimuuliza mtu mzima ana mbuzi wangapi, atakwambia wapo, alhamdulillahi. Na ukimuuliza mara ya pili, umejionyesha kuwa hukulelewa.

Sasa kijana tuliyemtuma boma kwa boma kusajili wafugaji kwa fomu ya simu, Galgalo, ni Mborana mwenye adabu zake. Alikuwa anauliza swali kwa sababu simu inamwambia aulize. Anajibiwa "wapo". Anaandika "wapo". Anashukuru, anakunywa chai ya watu, anaenda boma lingine. Angekuwa mtu wa mbali angebishana mpaka apewe namba yoyote. Yeye aliheshimu.

Na mimi niliyezaliwa humo humo niliona lile swali kwenye fomu na sikushtuka hata kidogo. Ningemuuliza mama yangu hilo swali? Thubutu! Lakini lilipokuwa ni field kwenye screen, niliona ni field tu.

Nikamuita Mwenda. Akatazama, akasema, "Sawa, huyo ni mmoja. Tuangalie wengine."

Tukabadilisha ile hatua kutoka Option kwenda Either. Tofauti ni ndogo: badala ya sanduku tupu, Either inakupa pande mbili. Right ni kitu chako, Left ni sababu ya kukikosa. Tukasema kila Left ituandikie kile mfugaji alichojibu. Tukarun.

Screen ikaanza kukimbia.

Wapo.
Wapo alhamdulillahi.
Mungu ndiye anajua.
Wa kutosha.
Wapo.
Si wengi si wachache.
Wapo.
Wapo.

Ikaendelea tu. Mwenda akaacha mandazi mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Watu wa Kulamawe karibu wote walikuwa wanapita mbele yetu na majibu yao ya adabu, na wote tulikuwa tumewapa None. Waliopata ujumbe ni wenye maduka, walimu, na watu wa mjini wenye mbuzi wa kufunga kwa kamba.

"Si wangeweka tu namba yoyote?" Mwenda akauliza.

"Mwenda, nyamaza kwanza."

Akageuka ghafla na nikaona uso wake umebadilika. Sikuwa nimefika alikofika yeye.

"Talaso. Dozi."

Nilikuwa nimesahau. Dozi za kila kituo zilihesabiwa kutoka kwa mnyororo huo huo wa flatMap. Daktari alikuwa amepakia chanjo za mbuzi wa Halima na wenzake tu, na kesho asubuhi anafika Kulamawe.

Nikamuachia Mwenda keyboard. Akaitoa somaIdadi kwenye mnyororo kabisa, maana ukifikiria vizuri, kumwambia mtu chanjo ni kesho hakuhitaji kujua ana mbuzi wangapi. Hizo ni kazi mbili tofauti. Sisi tuliziunganisha kwa sababu flatMap zilipendeza zikiwa zimepangana.

Ujumbe ukatoka. Safari hii mama akanipigia mwenyewe, "Imeingia. Guyo amepigiwa, anarudisha mbuzi."

Daktari naye nikampigia. Alikuwa tayari njiani.

"Mimi nimebeba ile number mlinipatia," akasema. "Store ya Isiolo imeisha. Ingine lazima itoke mbali."

Kesho yake mapema nikaenda Kulamawe. Nilikuta watu wengi sana. Mbuzi kila mahali, vumbi, wanaume na fimbo, akina mama wanashikilia wana-mbuzi. Wengine walikuwa wamewatembeza kutoka malishoni bila kulala. Wamekuja kwa sababu simu zao ziliwaambia waje, na mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe kwa lugha yao.

Foleni ikaenda vizuri mpaka ikafika kwa mama. Guyo anasukuma, daktari anachoma, msaidizi anapaka rangi mgongoni ili aliyechomwa ajulikane.

Katikati ya kundi la mama daktari akafungua lile box la barafu, akaangalia ndani, akafunga. Akavua gloves.

"Imeisha, Mama. Pole."

Nyuma ya mama kulikuwa na foleni ambayo mwisho wake sikuuona.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Mzee mmoja aliuliza mara moja tu, wengine wakaanza kugeuza mbuzi wao. Daktari aliahidi atarudi, na alirudi kweli, sitamsingizia. Lakini sotoka haikumngojea. Alipofika na box jipya, wale wenye rangi mgongoni walikuwa wanakula vizuri, na wale wasio na rangi baadhi yao walikuwa wameshalala chini. Mama alipoteza mbuzi wa maziwa, wale aliowaacha nyuma akitanguliza wana-mbuzi na wenye mimba. Majirani wengine walipoteza zaidi yake.

Mwenda alikuja na mimi siku hiyo daktari aliporudi. Alishika mbuzi wa watu siku nzima, akapigwa teke, hakulalamika.

Sasa niliyojifunza, mkiniruhusu.

Sijaja kuitukana monad. Bado tunaitumia library ile ile. Lakini unapoandika flatMap unasema kitu kizito: hatua hii ikikosa, kila kinachofuata kisiwepo. Jiulize kama ni kweli. Ujumbe wetu haukuhitaji idadi, sisi tuliulazimisha uihitaji. Option itumie pale ambapo kukosa kitu hakuna maana yoyote kwako. Kama nyuma ya ule utupu kuna mtu aliyejibu, tumia Either, ubaki na jibu lake, na uliweke mahali ambapo mtu atalisoma. Na usiamini dashboard ya kijani. Yetu ilihesabu errors, na None haikuwa error. Siku hizi tunahesabu wafugaji walioingia kwenye mnyororo na waliotoka na ujumbe, hesabu zikitofautiana hakuna anayeenda kula.

Lile swali la idadi tumelifuta. Dozi sasa wazee wa kila kituo wanamwambia daktari abebe box ngapi, na mbuzi wa mtu yeyote hawatajwi.

Mtanipiga mawe kwenye comments, najua. Wa "ningetumia exceptions" nawaona mkija, na wa "test zenu zilikuwa wapi" pia, karibuni, mna haki.

Lakini kuna moja naomba mnisaidie.

Jioni ya ile siku ya kwanza ya chanjo, tukiwa tumekaa nje na wale mbuzi wasio na rangi wako mbele yetu wanatafuna kama kawaida, mama aliniomba nimueleze kilichotokea. Nikamueleza kwa Kiborana, bila sanduku, bila Some, bila None. Nikasema mashine iliuliza swali, haikupata namba, ikaendelea na wengine. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Kwa hiyo nikikataa kukwambia mbuzi wangu ni wangapi, hata mimi siko?"

Nyinyi mngemjibu nini?