Mtengeneza sabuni wa Kavimvira aliyekataa kuzika mgomba

Kunapambazuka Kavimvira, na ukungu wa ziwa bado umelala juu ya paa. Honorine anakoroga mafuta ya mawese ndani ya nusu pipa, akimimina maji ya majivu kidogo kidogo. Majivu ni ya migomba: anaikata, anaianika, anaichoma mwenyewe.

Ghafla mwiko unasimama. Honorine anageukia njia itokayo ziwani, ambako hakuna mtu wala mbuzi.

"Niko hapa," anasema kwa sauti ya kawaida, kisha anaendelea kukoroga.

Aliyemwita ni Firmin, mumewe. Firmin hajaonekana tangu Mei 1964, waasi walipomtoa nyumbani awabebee masanduku kuelekea Fizi. Sasa ni miaka miwili na nusu, na masanduku yale hakuna ajuaye yalitua wapi.

Sabuni ya Honorine inasifiwa mpaka Uvira mjini. Vipande arobaini anavyotoa kila wiki havilali sokoni. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kuoga nayo, kwa kuwa hapa mjane haogi kwa sabuni mpaka kilio kiondolewe, na kilio hakiondolewi bila kaburi.

"Bantu banaoga na sabuni yangu, banapita hapa banaziba pua," anamwambia mgeni aliyekuja kusikiliza kisa chake, na kicheko kinamponyoka. "Angalia basi hiyo mambo!"

Kwa mtu asiyepatikana, ukoo una njia yake. Hukata mgomba wa kimo cha marehemu, ukauvika nguo yake, ukauzika. Watu hulia, hunawa mikono, wakaenda zao. Honorine angekubali mapema, lakini yaliyompata Sylvestre, fundi baiskeli wa jirani, yalimtia hofu ambayo haijamtoka.

Sylvestre naye alichukuliwa, akazikiwa mgomba. Mwanzoni mwa mwaka jana akashuka kutoka Rurambo, alikokuwa amefichwa na wafugaji, amekonda lakini mzima. Watu walitimua mbio. Mkewe alifunga mlango na kulia nyuma yake. Wazee walisema kilichozikwa kikitolewa mbele ya watu, msiba utafutika, basi Sylvestre akashika jembe na kulifukua kaburi lake mwenyewe. Alikuta mgomba umeoza wote, hakuna cha kutoa.

Mpaka leo anakula peke yake. Wateja huegesha baiskeli mlangoni pake, wakarudi jioni kuichukua bila kumtazama usoni.

"Yule iko mzima, lakini tulimuua na mugomba," anasema Honorine. "Minye nifanyie Firmin vile? Hapana."

Shemeji yake, Jean-Berchmans, hakuelewa. Asubuhi moja ya masika ya mwaka huohuo, Honorine alifungua mlango akamwona Firmin amesimama ukutani, ndani ya shati lake la kazi. Alimkimbilia kwa furaha. Alimwambia karibu, akamshika mkono, na mkono wa shati ukawa mtupu. Ulikuwa mgomba, wenye unyevu na baridi, ambao Jean-Berchmans alikuwa ameuleta kwa maziko.

Kila wiki Honorine hupasua migomba bila kufikiri, lakini ule hakuthubutu kuugusa kwa panga. Ulisimama pale mpaka ukaoza, ukajikunja ndani ya shati kama mtu anayekaa chini kupumzika.

Ndipo alipoanza kuandika. Herufi alifundishwa na Firmin mwenyewe, kwa mkaa ukutani, mwaka wa uhuru. Firmin alikuwa akimtania kwamba nchi imeshajitawala, haifai mkewe aendelee kutia sahihi kwa dole gumba. Sasa alichukua karatasi za mifuko ya saruji, akaandika jinsi Firmin alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia ndani.

Tangu mumewe apotee, kikohozi kile kilikuwa kikisikika mlangoni kila jioni. Siku ile aliyokiandika, hakikusikika. Aliandika harufu ya tumbaku yake, nayo ikatoka kwenye mkeka. Aliandika nyayo zake, na uani kukawa kimya. Kwa mara ya kwanza alilala usingizi mzito, akaamka amepata nafuu, na nafuu yenyewe ikamtisha. Akimaliza kuandika, nyumbani atabaki na nani?

Mwezi uliopita Jean-Berchmans alikuja na neno la mwisho la ukoo: mgomba uzikwe, ama Honorine arudi kwa wazazi wake na kumwacha bintiye, Marie-Rose. Honorine hakubishana. Alileta karatasi ya kwanza akamsomea.

Aliposikia habari ya kikohozi, Jean-Berchmans aliinuka nusu, akatazama mlangoni.

"Shemegi, hiyo uliandika siku gani?"

"Siku ya kuvuna mahindi, mwaka jana."

"Hata kwangu alikuwa anakuja kukohoa," alisema taratibu. "Muke yangu ni shahidi. Ile siku ya mahindi njo kikohozi ilinyamaza."

Honorine akaendelea kumsomea mpaka chai ikapoa. Kisha Jean-Berchmans akauliza kama karatasi zile zinaweza kuzikwa badala ya mgomba. Baadaye aliwakabili wazee, na wakakubali shingo upande, kwa sharti kwamba Honorine asifiche nyumbani chochote cha mumewe, hata kisichoonekana.

Maziko ni Jumamosi. Mkebe wa chuma uko tayari, na mfuniko utazibwa kwa nta ili maji yasiingie. Kimebaki kitu kimoja hajakiandika: sauti ya Firmin akimwita kutoka njia ya ziwani. Anaogopa kuipoteza, na hafichi hofu hiyo. Lakini anamtaka Marie-Rose, na anataka kuoga.

"Nitaandika Ijumaa," anasema. "Jumamosi tunazika, nitanawa na sabuni yangu, mutoto atabakia na minye."

Anapangusa mikono, anaingia ndani, na kutoka na karatasi ya saruji ambayo bado ni tupu. Anaitandaza kwenye magoti. Halafu anainua uso kuelekea njiani, na maneno yake ya mwisho hayamhusu mgeni aliyeketi mbele yake.

"Firmin, ukirudi, fukua mukebe mbele ya bantu, usome weye mwenyewe. Hakuna fasi hata moja nimeandika kwamba umekufa."