Mti Alionisimikia Mkwe Wangu

Wazee wenzangu, mmeniomba niseme jinsi nilivyougua, nami sitaficha kitu. Mwenye aibu azibe masikio.

Naishi Ikungi, kwenye nyumba yangu ndogo uani kwa binti yangu Neema na mumewe. Kabla ya kuugua nililima alizeti mwenyewe na maji nilibeba kichwani. Sikujua kushikwa mkono. Na mkwe wangu tuliheshimiana kama desturi yetu ilivyo: akipita huku, mimi napita kule, salamu kwa mbali, macho chini.

Wakati wa mvua nikashikwa na homa ya mapafu. Nilikohoa makohozi yenye rangi ya kutu, mbavu zikauma hata kupumua ikawa kazi. Neema akanipeleka hospitali mjini Singida. Daktari mmoja, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, akanifunua paja, akalipaka ute wa baridi. Akapitisha juu yake kidude cha kushika kiganjani, chenye waya ulioingia kwenye kitu kama simu kubwa. Nikakitambua. Ni ultrasaundi, ile ya wajawazito.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "umekosea mtu. Mwenye mimba ni huyu binti yangu."

Akacheka sana. "Napima unene wa msuli, bibi. Wazee wakilala muda mrefu unapungua haraka."

Dawa zikaanza kushusha homa. Lakini Neema, na tumbo lake la miezi saba, alinipenda kupita kiasi. Aliniogesha kitandani, akanilisha uji kwa kijiko, hata haja nilijisaidia palepale kwenye chombo. Nikitaka kukaa ananirudisha: "Mama, tulia, unaumwa." Nami nikatulia, maana kudekezwa kutamu. Waliokuja kunitazama walisema nimenenepa. Mizani nayo ilionyesha uzito uleule niliokuja nao.

Siku ya kumi daktari akarudi na kidude chake. Safari hii hakucheka. Akanionyesha picha mbili, ya siku niliyofika na ya siku ile. Msuli wa paja ulikuwa umekonda, hata mimi nisiyejua kitu niliona.

"Huko kunenepa wanakokusifia ni maji, bibi." Akabonyeza mguu wangu, shimo likabaki. "Homa inaisha, lakini ukiendelea kulala hivi hutasimama peke yako. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa?"

"Ndiyo."

"Nani atakuinua?"

Nikamtazama Neema na tumbo lake. Mwenye nguvu nyumbani kwetu alibaki mmoja tu. Mkwe wangu aniinue chooni, nguo ziko juu! Niliona heri nife. Halafu nikakasirika. Sifi, nikasema moyoni, na hanigusi mtu.

"Nipe kazi," nikamwambia daktari.

Kazi ilikuwa kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama, asubuhi, mchana na jioni, na kula maharage na mayai. Mayai niliyowauzia abiria wa mabasi miaka yote bila kuonja hata moja! Siku ya kwanza mapaja yalitetemeka, jasho likanitoka, nikaanguka kitako kitandani nikalia. Neema akanyoosha mikono.

"Usiniguse!" nikamfokea. Nikajaribu tena.

Kabla sijaruhusiwa, daktari alinipima mara ya tatu. Msuli haukuwa umerudi, ila ulikuwa umeacha kupungua. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Nyumbani nikaenda chooni kwa kujikokota. Pembeni mwa tundu nikakuta mti umesimikwa, umemenywa magome, laini, wa kufika kifuani. Nikamuuliza Neema nani kauweka.

"Mume wangu. Alisema mama asishikwe na mtu."

Nililia humohumo chooni. Miezi miwili niliushika mti ule, nikichuchumaa na kuinuka, nikichuchumaa na kuinuka.

Namshukuru yule daktari aliyeona ndani ya paja langu kile ambacho macho ya ndugu hayakuona. Nanyi mkilazwa, daktari akikubali, inukeni. Ulizeni habari za misuli yenu. Na ninyi watoto, kumpenda mama si kumfanyia kila kitu.

Juzi nilikuwa uani, mjukuu mgongoni, nikachuchumaa kuokota kuni nikainuka nazo. Mkwe wangu alikuwa anapita. Akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mti wako siku hizi natundikia kanga."